Hekta Moja Nukta Nane

Jumatatu, 3 Machi

Jedwali limerudi na sahihi. Hekta 412.6. Hilo ndilo eneo la bonde litakalohifadhiwa, na limeshatangazwa redioni. Ndani yake hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kuchimba mtaro. Bosi kaileta ile karatasi mezani kwangu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Sisi tunamwita Kimsingi, maana hana sentensi isiyo na neno hilo. Kimsingi, kasema, sasa ramani ifuate jedwali, jedwali halitafuata ramani tena. Nikamwambia sawa mzee. Ndiyo kazi yangu, miaka kumi na minne sasa. Nachora mistari, watu wanajikuta ndani au nje.

Na bonde lile nataka lilindwe, nisijitie hamnazo. Mji mzima unakunywa kutoka kule. Nimekwenda mara tatu na wapimaji. Matete yamesimama marefu kuliko mimi, ndege wale wa miguu mirefu wanatembea kwa madaha, na maji yanatoka ardhini kimyakimya, hata huwezi kusema yameanzia wapi. Yakikauka yale tumekwisha.

Ila shamba la kaka liko ndani. Lote. Nimelijua hilo tangu Januari, nilipochora mchoro wa kwanza. Nimenyamaza tu.

Jumatano, 5 Machi

Kaka alikuja jana jioni. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vya tope. Watoto wakamrukia mjomba wao, akawapa karoti, wakazila bila kuosha. Nikasema maneno, hakuna aliyenisikiliza.

Baadaye akaniuliza, polepole, kama yuko ndani. Nikamwambia siruhusiwi kusema kabla ramani haijabandikwa. Akacheka. "Basi niko ndani."

Nikamwongezea chai. Naye akasema — nanukuu, maana nimekuwa nayarudia kichwani siku nzima — "Usije ukanipendelea, mdogo wangu. Ukifukuzwa kazi kwa ajili yangu, uso huu nitauweka wapi? Kama niko ndani, niko ndani." Akamaliza chai yake. Akauliza watu watapewa muda gani wa kuondoka.

Angeniomba, ningemkatalia! Maneno ya kumkatalia nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Ningemfokea hata. Hakuniomba.

Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na sita. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka. Hakujua kusuka. Nilikwenda shule miezi mitatu na pembe mbili kichwani, watoto wakiniita mbuzi, na mtu akinicheka mbele yake alikuwa anapigwa. Mpaka akajifunza. Alikaa na wasichana wa jirani wakamfundisha mistari, huku wenzake wanacheza mpira.

Mume wangu kasema, "Kaka yako amezeeka ghafla." Nikamwambia anywe chai yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya.

Ilikuwa saa ya chakula, ofisi nzima imeshuka chini, nimebaki mimi na feni. Mstari kwenye kompyuta ni nukta nukta zilizoungana, unaishika moja unaivuta. Nimezishika tano za upande wa magharibi nikazisogeza ndani. Shamba la kaka likawa nje. Sekunde ishirini labda.

Halafu nikaangalia pembeni, eneo linasoma 410.8. Hekta moja nukta nane zimepungua. Kimsingi haangalii umbo la mstari hata siku moja, lakini ile namba anaijua kuliko siku ya kuzaliwa mkewe. Ikabidi nizipate kwingine.

Nikauzunguka mstari wote. Kusini kuna barabara. Kaskazini kuna shule. Mashariki, kwenye mgongo wa kilima, kwenye picha ya kutoka angani ni kijani kitupu — miti, hakuna paa, hakuna njia. Pori. Nikavuta nukta tatu kwenda nje. 412.9. Nikarudisha kidogo. 412.6.

Inalingana! Na hapo ndipo ninapojionea aibu zaidi ya pengine pote: nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza chemshabongo ya gazeti. Wenzangu waliporudi nilikuwa nakula ndizi.

Jumatatu, 10 Machi

Ramani imebandikwa kwenye ubao wa nje. Siku thelathini za pingamizi zimeanza. Tangu asubuhi watu wamejaa pale, kila mtu na kidole chake, kioo cha ubao kimeshapata ukungu wa pua.

Saa nne kaka kapiga simu. Kelele! "Mstari umenikwepa! Umepita pembeni yangu kabisa, kama gari linakwepa shimo! Sasa hii bahati gani hii, we mtoto?" Nikamwambia hongera. Akasema kumbe wataalamu wenu wanaona vizuri, mimi nilikuwa nawasema vibaya bure. Mke wake akachukua simu: "Wifi, nimelia!" Nikasikia kweli analia.

Mchana yakaja makabichi. Magunia mawili. Nimegawa kwa majirani wote mpaka wakaanza kuniuliza kuna nini. Mume wangu kapika moja. Mimi nikasema tumbo linanisumbua, na halikuwa limenisumbua hata kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna pingamizi hata moja mpaka leo. Kimsingi kanisifu mbele ya kikao kizima: eti hii ndiyo ramani ya kwanza ambayo hajatukanwa kwa ajili yake. Watu wakapiga meza. Nikachezea kifuniko cha kalamu mpaka kikavunjika.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilikuwa zamu ya kaunta. Akaja mama mmoja, mzee, amevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Shikamoo, marahaba mwanangu. Ni mkunga mstaafu. Kasema majirani wamemwambia yuko ndani ya hifadhi lakini yeye haamini, maana ramani hajui kuisoma.

Nikamtandazia nakala. Nikamwuliza anaishi wapi. Akasema juu ya kilima, upande jua linakotokea, ukipita kiwanda cha matofali kile kilichokufa. Kidole changu kikatangulia kabla yangu. Kikasimama palepale.

"Hapo si pori, mama?"

Akacheka. "Pori! Nyumba yangu ina vyumba vinne! Ila miparachichi imeifunika, ndiyo maana ni baridi. Niliipanda mwenyewe, mwaka niliohamia."

Miaka thelathini na moja. Kiinua mgongo chake chote kiko pale, na kaburi la mumewe liko pale. Aliyasema haya kwa kunifahamisha tu, hakuwa analia. Nikaona ule mstari wangu, unapita katikati ya vyumba vinne.

Akaniomba nimwandikie pingamizi, macho yake hayawezi herufi zile ndogondogo za fomu. Ndiyo kazi ya kaunta, kuandikia wasioweza. Nikaandika. Jina, mahali, muda wa kukaa. Penye "sababu za pingamizi" akaniambia nisaidie kusema vizuri, wewe ndiye umesoma. Nikasaidia! Nikaandika kwamba eneo ni kavu, halina chemchemi wala matete, na liko juu ya usawa wa bonde. Yote ni kweli. Niliyajua kwa mistari ya miinuko iliyo kwenye ramani yangu mwenyewe, nayo ilikuwa mbele ya macho yangu tarehe sita.

Akatia sahihi, nikimwonyesha mahali. Akanishika mkono akasema nimemsaidia sana, Mungu anizidishie.

Nikaenda chooni. Nimekaa mpaka wakaja kugonga.

Jumatano, 19 Machi

Nimeifungua ile picha ya angani tena, nikaikuza mpaka mwisho. Katikati ya kijani kuna kipande cha kutu. Kidogo, kama punje ya dengu. Pembe ya paa. Ilikuwepo siku zote.

Jumatatu, 24 Machi

Kila pingamizi lazima lijibiwe na ofisi kwa maandishi kabla ya kikao. Kimsingi kaniletea la mkunga. "Kimsingi, andika maelezo ya kitaalamu kwa nini mstari umepanda kilimani. Aya moja tu. Wewe ndiye uliyechora, wewe ndiye unajua." Hakuwa ananitega. Ananiamini, ndilo tatizo.

Nilikaa na karatasi nyeupe saa nzima. Ningeweza kusema pale pale. Ni maneno machache tu: mzee, nilisogeza. Mlango wake ulikuwa wazi, nilikuwa namwona anachonga penseli.

Nikaandika: "Eneo husika ni sehemu ya ukanda wa kinga wa vyanzo vya maji vilivyo chini yake." Kisha muhuri.

Mwandiko ni wangu kwenye pingamizi, mwandiko ni wangu kwenye jibu. Karani wa faili akacheka, akauliza kama nagombana mwenyewe. Nikacheka naye. Uwongo nilioufanya kwa mkono sasa nimeufanya na kwa maneno. Na ule wa pili haukuwa wa kumwokoa kaka. Wa pili ulikuwa wa kujiokoa mimi, nisijidanganye.

Alhamisi, 27 Machi

Tumekwenda uwandani, mimi na mpima. Huyu tunamwita Twiga kwa urefu wake. Ni mtu wa maneno machache, akikutazama unajihisi umevaa nguo kinyume.

Tumeanza kwa mkunga. Kavu! Twiga alipiga jembe mara nne, likatoa vumbi. Mama akatutolea viti na maji ya kunywa, akasema tuyanywe taratibu maana ameyafuata mbali. Nikayaweka chini ya kiti. Akauliza nimezaliwa wapi, nikapata hofu ataniambia ni yeye aliyenipokea. Nikamtajia, akasema hapana, kule hakuwahi kufanya kazi. Afadhali! Nimefikia mahali pa kushukuru vitu kama hivyo.

Kisha tukashuka kuufuata mstari mpaka upande wa pili. Mita mia kabla ya shamba la kaka, buti za Twiga zikaanza kuzama. Akatoa kitabu chake, akaandika. Akatazama ramani. Akatazama chini. Maji yalikuwa yanatoka chini ya kisigino chake kila akiinua mguu. Na mstari uko nyuma yetu, tumeshauvuka, tuko nje ya hifadhi!

Mbele yetu mtaro mpya. Mrefu, umenyooka, udongo bado mweusi. Maji ya chemchemi yanakimbia ndani yake kwenda kwenye kabichi, na matete ya pembeni yameshaanza kuwa manjano. Akatokea kaka na sepetu begani. Akanikumbatia na tope lake lote.

"Mzee, huyu ni mdogo wangu huyu!" akamwambia Twiga. "Nimemlea mwenyewe! Ofisi yenu ikianguka, ni yeye anayeishikilia!"

Twiga akampa mkono. Kwenye gari akaendesha kama robo saa, kisha akasema, "Mchoro wa Januari ulikuwa umemweka ndani." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ule ulikuwa sahihi." Nikamwambia ndiyo. Akawasha redio.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa kaka peke yangu. Nilidhamiria. Njiani nimejisemea maneno yote kwa sauti, mwendesha baiskeli mmoja akageuka.

Nimemkuta anachimba mtaro wa pili. Amefurahi mno. Ameacha hata mkongojo aliokuwa akitembelea kwa ajili ya goti lake. Ananionyesha vitunguu vitakaa wapi, pilipili wapi, anasema mwaka huu mtoto wake wa mwisho atasoma bila wasiwasi. Wifi akatoka na kiti.

Nikamwambia, "Kaka, usichimbe tena. Yale maji ni ya mji."

Akashangaa. "Kwani si niko nje?"

Nikatazama uso wake. Nikasema ndiyo, uko nje.

"Basi!" Akaendelea kuchimba. Hakufanya kosa lolote. Amesoma ramani ya serikali, akaitii.

Nilirudi na bamia. Nimeziweka kwenye kikapu cha jirani kabla sijaingia ndani. Mume wangu ananiuliza siku hizi nina nini. Nimemwambia ni kazi. Akasema kazi hii itaniua, nikamjibu vibaya, akatoka kwenda kwa rafiki zake. Nayo hiyo ni juu yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Mwisho wa siku thelathini. Pingamizi moja tu, kwa mwandiko wangu.

Twiga kasimama mezani kwangu, kivuli chake kimefika mpaka kabatini. Kasema kwa sauti ya chini: "Dada, Ijumaa kwenye kikao cha pingamizi nitaulizwa maji yako wapi. Nitajibu maji yako wapi. Nitaulizwa pale kwa mama kuna maji? Nitajibu hakuna. Habari za mstari siulizwi mimi." Nikamwuliza kwa nini hajaenda kwa bosi. Akasema michoro yote iko kwenye kompyuta, kila mmoja na tarehe na herufi za jina la aliyeuchora, anayetaka kuiona ataiona. "Lakini nimeona utapenda kusema mwenyewe." Akaondoka.

Nitapenda! Sipendi hata kidogo. Nataka nife na tai shingoni kama wengine. Lakini jana nimeota kile kipande cha kutu.

Ijumaa, 11 Aprili

Niko ukumbini. Mezani mbele, kitabu hiki kiko juu ya paja. Wanadhani naandika muhtasari. Lazima niandike, la sivyo nitainuka nitoke.

Watu kama mia. Mwenyekiti wa kamati inayosikiliza pingamizi ni hakimu mstaafu, ana sauti ya upole inayotisha. Kaka amekuja! Sikumwita. Wakulima wote wa bonde wamealikwa, na yeye penye watu wengi hakosi. Amevaa shati la harusi ya mwanawe. Mkunga alipoingia viti vilikuwa vimekwisha, kaka akampisha chake, yeye akaenda kusimama ukutani. Naona wameshazoeana. Anamchekesha.

Mama kaitwa wa kwanza. Kazungumza wima, bila karatasi. Kasema yeye hapingi bonde kuhifadhiwa, analiunga mkono, amezalisha watoto kwa maji yale. "Ila kwangu hakuna maji. Nayafuata mbali kila siku, mgongo huu shahidi. Yangekuwepo, miaka thelathini na moja si ningekuwa nimeshayaona?" Watu wakacheka. Kaka ndiye aliyecheka zaidi.

Mwenyekiti akasoma jibu langu kwa sauti. "Ukanda wa kinga wa vyanzo vya maji." Kila neno nimelisikia. Akamwuliza Twiga kama pana chanzo chochote chini ya kilima kile. Twiga: "Hapana." Kama kuna unyevu. "Hapana." Kama aliyeandika jibu hili alifika. Twiga akasema alifika baada ya kuandika. Ukumbi ukanguruma.

Sikuinua kichwa.

Mwenyekiti kasema haoni sababu ya kumweka ndani, mama huyu atolewe kwenye hifadhi. Makofi! Vigelegele! Mama kakaa, kavua miwani, anaifuta kwa ncha ya khanga.

Kimsingi akasimama. Nilijua atasimama. Kimsingi, kasema, hekta 412.6 zimeshasainiwa. Mama akitoka, hekta moja nukta nane lazima ziingie kutoka mahali pengine, papakane na mstari, na pawe na maji ya kulindwa kweli. Vinginevyo mpango wote unarudi mwanzo, na bonde linakaa bila ulinzi miaka mingine mitatu. Mwenyekiti kauliza: pako mahali hapo?

Twiga anatazama dari.

Ndipo kaka akapaza sauti kutoka ukutani. "Mtoeni mama! Mahali hapakosi! Mchora ramani wenu ni mdogo wangu yule pale, bonde lile analijua kama kiganja chake. Mpeni kalamu!" Watu wakampigia makofi. Mama kageuka kamshukuru, mikono miwili kifuani.

Mwenyekiti katabasamu. Kasema basi mtaalamu atuonyeshe. Dakika tano nijiandae. Wametandika ramani kubwa ukutani, mita mbili kwa mbili, wamenipa kalamu nyekundu.

Hizi ndizo dakika tano. Kuna sehemu moja tu inayofaa. Nimeitafuta nyingine, Mungu ni shahidi, nimeuzunguka mstari wote kwa macho, hakuna. Nikipaweka alama, mpango utasimama, mama atalala kwake, na mtoto wa mwisho wa kaka, na vitunguu, na mitaro miwili — na kisha wataniuliza ilikuwaje pakawa nje. Nikisema hapapo, bonde linarudi mwanzo kwa ajili yangu.

Mwenyekiti anauliza kama niko tayari. Nimesimama, naandika nimesimama. Kaka amepata kiti, mstari wa pili. Anawagusa mabega watu walio mbele yake, anawaomba wainamishe vichwa kidogo ili aone vizuri —